Karibu, Lakini Futa Miguu

Mimi sinunui kitu nisichokijaribu. Waulize wenye maduka wa mtaa wa Yide Lu, kule Guangzhou, China, miaka ile ambayo kila ukirudi unakuta ghorofa limeota mahali ambapo safari iliyopita ulinunua ndizi. Wakiniona naingia walikuwa wanaguna. Mwanasesere nitambonyeza tumbo nisikie analia. Kalamu nitaichorea kwenye kiganja changu. Nimewahi kurudisha boksi zima la magari ya watoto kwa sababu moja lilikuwa linakwenda kinyumenyume, na mwenye duka akabaki ananionyesha kwa mikono kwamba hata hivyo linakwenda. Kariakoo watu walikuwa wanasema mali ya Kichina haifiki Idi mbili. Mimi nikawaambia njooni dukani kwangu muone. Hilo ndilo lilikuwa jina langu mjini, na sikulipata kwa kulala.

Kwa hiyo siku niliporudi nyumbani na kitu kibovu, tena nilichoagiza mwenyewe kiwe kibovu, lazima kulikuwa na sababu. Sababu ni kaka yangu.

Tulipokuwa wadogo pale Ilala, nyumba moja tu mtaani kwetu ilikuwa na televisheni na deki ya video. Mwenye nyumba alikuwa baharia. Kanda alizoleta zilikuwa za ngumi, za harusi za watu asiowajua hata yeye, na moja ya katuni za zamani za Kizungu. Jumapili alasiri mke wake alituruhusu watoto kuingia sebuleni, lakini kwanza anasimama mlangoni na tambara mkononi. Karibuni, anasema, lakini futeni miguu. Tunafuta, tunakaa kwenye mkeka, wanane. Kaka yangu ndiye alikuwa mkubwa wetu, yuko sekondari, anajua Kiingereza, na kazi yake ilikuwa kututafsiria, kifimbo mkononi.

Katuni tuliyoipenda kuliko zote ilikuwa hivi. Kuna nyumba kubwa nyeupe yenye nguzo mbele. Ndani yake kuna mwanamke mweusi, mnene, kilemba kichwani, funguo tele zinaning'inia kiunoni, anamkimbiza bata bukini anayekataa kupikwa. Halafu anakuja mzungu mwenye kofia ndefu, anagonga mlango. Kaka alituambia nyumba ni ya yule Mama. Mzungu ni mposaji, hii ni mara yake ya tatu, na mara mbili za kwanza alirudishwa kwa sababu ya miguu michafu. Mzungu akinyoosha kidole na kufoka, kaka anasema hapo anataja ukoo wake mpaka babu wa saba. Mama akitetemeka, kaka anasema anajizuia asimcheke mgeni. Mama akitumbukia kwenye pipa la unga akatoka mweupe pe, kaka anatuambia tumwone mwanamke makini, haamini unga mpaka auingie mwenyewe. Na kila mlango ulipofunguliwa sisi wote wanane tulikuwa tunapaza sauti ya mke wa baharia: karibu, lakini futa miguu!

Nilitaka kuwa yule Mama. Wenzangu walitaka kuwa wauguzi na walimu, mimi nilitaka nyumba yangu, funguo zangu, na watu wafute miguu. Ukiniona Yide Lu nakaba watu na wanasesere wao, ujue nimejifunzia pale kwenye pipa la unga.

Miaka ikapita, baharia akahama na kanda yake. Kaka akawa fundi seremala, akaoa, akapata watoto watatu. Nilipoanza safari za China kila mtu alikuwa na oda yake: huyu simu, huyu viatu, huyu hata jina la kitu halijui ila amekiona kwa jirani. Kaka hajawahi kuagiza kitu. Ndipo safari moja akaja dukani kwangu, akasimama anajikuna kisogo, akasema kama kweli huko kuna kila kitu, nimtafutie yule Mama. Watoto wake amewasimulia mpaka wamemchoka, sasa wanasema amemtunga. Lazima niseme kwamba watoto hao wanasoma shule za Kiingereza, zile za basi la njano, na mezani humsahihisha baba yao matamshi huku anatafuna. Anacheka, lakini nilimjua, ilikuwa inamuuma. Alitaka mara moja tu awe yeye ndiye mwenye kujua.

Nikamwambia nitampata, hata kama amejificha chini ya ukuta wao mrefu.

Nilimpata safari ile ile. Duka lilikuwa ghorofa ya pili, la mama mmoja wa makamo ambaye tulimwita Laobanniang, ndivyo wanavyowaita wanawake wenye maduka. Aliuza midoli na CD za watoto. Mkalimani wangu alikuwa binti wa Mbeya, mlokole mpole, aliyekuwa anasomea udaktari kwa ufadhili na siku za mapumziko anatusaidia sisi wafanyabiashara. Niliona bata kabla sijaona kingine chochote. Bata bukini, juu ya kasha la CD, na nyuma yake nguzo nyeupe. Wallahi nililinyakua. Nikasema nachukua kasha moja la kaka, na maboksi ishirini ya kuuza likizo ya Desemba, kwa sababu kama mtoto wa Ilala alimpenda yule Mama, na wa leo atampenda.

Halafu nikasema tuijaribu kwanza.

Laobanniang alinijua. Hakubishana, alivuta viti vitatu vya plastiki, akamimina chai, akawasha televisheni ndogo iliyokuwa kwenye rafu kati ya madoli. Mjukuu wake, kasichana ka miaka mitano hivi, alikuwa amekaa chini anakula tambi. Mwanzo kabisa ulitokea ukurasa wa maandishi ya Kiingereza. Laobanniang akataka kuuruka, ndivyo wote wanavyofanya, mimi nikamzuia. Binti wa Mbeya akausoma kimya, kisha akanieleza kwamba waliotoa katuni hizi upya wanaomba radhi. Wanasema enzi zile watu wa mataifa mengine walichorwa kwa dharau, na mzazi akae karibu na mwanawe wakati wa kutazama. Nilishangaa. Watu wameomba radhi huko Ulaya au Marekani, mtu mwingine amenakili CD kwa wizi, na radhi yao imesafiri humo humo mpaka kwenye kiti changu cha plastiki. Lakini nikaona hayo yanawahusu wengine. Nikasema haya, mlete Mama yangu.

Akaja.

Nilimkumbuka mzuri. Siwezi kulisema vingine. Miaka yote ile kichwani mwangu alikuwa mwanamke mzuri, mwenye uso wa mama yangu mkubwa. Kumbe aliyemchora alimpa midomo kama maandazi mawili yaliyogandishwa usoni, macho meupe yanayozunguka, miguu ya tembo. Tulikuwa watoto wanane kwenye mkeka, tuna macho kumi na sita, tumeitazama midomo ile Jumapili baada ya Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyeiona. Nilipigwa na butwaa. Ni nani aliyetufumba macho vile?

Binti akaanza kutafsiri, halafu akanyamaza. Nikamwambia aendelee. Akasema mzungu anamwita yule mama kwa jina walilokuwa wanawaitia watumwa. Akasema yule mama anajibu kwa Kiingereza cha kuvunjavunja, kwamba yeye ni mvivu na ni mwoga, asichapwe, bata amemtoroka. Mimi nikamkasirikia binti wa watu. Nikamwambia atafsiri vizuri, mimi katuni hii naijua tangu sijaota meno ya pili, nyumba ni ya yule Mama na mzungu amekuja kuposa.

"Hapana, dada," alisema. "Nyumba ni ya mzungu. Huyu ni mpishi wake."

"Na funguo?"

"Anamtunzia tu."

Sijui kama nimewahi kuumia hivyo kwa jambo lisilo msiba. Nilikuwa na hasira na yule mchoraji, nikajionea haya, na katikati ya yote hayo nikamwona kaka yangu, kijana wa miaka kumi na sita, shati la shule limepauka, amesimama pembeni mwa televisheni na kifimbo chake cha kuonyeshea. Je, alijua? Au Kiingereza chake cha sekondari kilimdanganya, akaona mwanamke mwenye funguo, akaamini ni mwenye nyumba? Kama hakujua, basi nikipeleka CD hii watoto wake watamfunulia mbele ya mkewe sebuleni kwake, kwa matamshi safi kabisa. Na nisipoipeleka, nitakuwa nimemnyima kitu pekee alichowahi kuniomba.

Wakati nawaza, CD ikaendelea. Katuni ya pili ilikuwa ya mfua nguo wa Kichina. Meno yamechomoza mbele, macho ni mistari miwili, msuko mrefu mgongoni, anateleza kwenye povu, anatumbukia kwenye beseni. Na mimi nikacheka. Naliandika kwa sababu ni kweli. Uchungu wa yule Mama haujanitoka, nami nikamcheka babu wa mwenzangu, ikanitoka tu, kisha nikageuka nikamwona Laobanniang. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika kikombe cha chai hewani.

Mjukuu akaacha tambi zake, akanyoosha kijiti cha kulia kwenye kioo, akauliza jambo. Binti akaninong'oneza: anauliza, bibi, huyu ni nani?

Laobanniang akaweka kikombe chini. Akachukua rimoti, akazima sauti. Akamvuta mtoto mapajani, akaanza kusimulia, kwa Kichina cha shuleni ambacho binti wa Mbeya alikielewa, taratibu, kama mtu aliyeisimulia hadithi hiyo mara mia. Binti alikuwa ananitafsiria sikioni. Huyu ni babu yake babu yako. Alivuka bahari kwenda kwa watu waliokuwa hawajui kuoga. Wanaume wale wenye bastola unaowaona wanamkimbia, wanaogopa sabuni. Ametumbukia kwenye beseni? Hapana, anawaonyesha kwamba maji hayaui. Mtoto akacheka, akapiga makofi, akaomba irudiwe pale wanapoiogopa sabuni.

Mwanamke huyu hajafika Ilala, hajawahi kumwona kaka yangu, hajui kwamba kuna mtu mwingine duniani amewahi kufanya jambo hilo, na bado alikuwa analifanya lile lile, kwa utulivu ule ule, mbele ya macho yangu. Nimeona mengi Guangzhou. Nimeona barabara zinazopita juu ya barabara, na kontena zimepangwa pale bandari ya Huangpu mpaka unadhani ni mtaa wa watu. Sijaona kitu kikubwa kama bibi yule na rimoti yake. Nilitaka kumwomba radhi kwa kile kicheko, nikaishia kummiminia chai. Akaipokea kwa mikono miwili.

Siku hiyo sikununua kitu. Nilikwenda Dengfeng, mtaa wa Waafrika, nikaingia kwenye kibanda cha simu nikampigia kaka. Nia yangu ilikuwa kumuuliza kama alijua. Hata salamu hazijaisha akaniuliza kama nimempata. Nikasema nimempata. Alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu siku ya harusi yake, nikamsikia anawaambia watoto kwamba shangazi amempata, na nani sasa alisema baba ametunga? Halafu kicheko kikakatika. Akashusha sauti.

"Ni yule yule?"

"Ni yule yule, kaka."

Akasema haya, safari njema, akakata. Sikuweza kujua ile haya ilikuwa ya furaha au ya nini. Nilibaki nimeshika simu ya watu mpaka mwenye kibanda, Mkongo mmoja, akaniuliza kama kuna msiba.

Siku ya mapumziko iliyofuata nilirudi kwa Laobanniang na binti wa Mbeya. Yale maboksi ishirini nikayabadilisha, nikachukua mikebe ya kalamu, nikaijaribu yote kufunga na kufungua. Kisha nikasema nataka CD moja ya bata, lakini iwe haina sauti. Binti alinitazama, akatafsiri. Laobanniang akadhani hajasikia. Akasema ana zenye sauti nzuri kabisa. Nikasema buyao, neno lao la kukataa, sitaki sauti, anitengenezee mbovu. Masikini, mwanamke yule nilimsumbua miaka mitatu kwa mkono wa doli uliolegea, na leo nimesimama mbele yake namwomba ubovu! Alicheka mpaka akashika meza. Halafu akaacha kucheka. Akauliza ni ya nani.

Nikamwambia binti amweleze habari za kaka, mkeka, na mposaji mwenye kofia. Ilichukua muda. Laobanniang alisikiliza hadi mwisho, akachukua CD akateremka nayo kwa kijana mwenye mashine ya kunakili. Akarudi baada ya chai mbili. Tukaijaribu, maana hata ubovu nitaujaribu. Mama akafungua mdomo, bata akafungua mdomo, kimya. Nilipotoa pesa akakifunga kiganja changu, hataki malipo. Sikumaliza kushangaa, nikaona anazirudisha zile nyingine rafuni, zenye sauti, kwa ajili ya wateja wengine. Biashara ni biashara, na mimi si wa kumhukumu.

Mzigo ulikwenda na meli. CD nilibeba mwenyewe kwenye mkoba, nimeiviringisha kwenye kanga.

Jumapili ya kwanza baada ya kufika nilikwenda kwa kaka. Watoto walikuwa wamekwisha kukaa chini, na majirani zao wanne, mkeka umejaa. Shemeji alileta juisi. Kaka alikuwa amevaa shati la kutokea, na amekaa pembeni mwa televisheni, pale pale mkono wa kulia, kama zamani. Nikaitoa CD, nikainama kuiweka kwenye deki. Kitinda mimba wake akasema kwamba leo baba hahitaji kutafsiri, watasikiliza wenyewe. Kaka akasema sawasawa, mtasikiliza.

Nilipoinuka ndipo nilipoona mkono wake. Rimoti ilikuwa gotini kwake, na kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kuzima sauti, kimekibonyeza mpaka ukucha umekuwa mweupe. Picha ilikuwa haijatokea bado.

Alijua. Subhanallah, alijua tangu siku ile ana miaka kumi na sita.

Nyumba nyeupe ikatokea, nguzo zikatokea, Mama akatokea na funguo zake akafungua mdomo. Kimya. Kaka akatazama rimoti. Alikuwa bado hajaigeuza kwenye televisheni. Watoto wakaanza kelele, baba, haina sauti, shangazi ametuletea feki! Yule mkubwa akasema kwa Kiingereza maneno nisiyoyaelewa, wote wakacheka, wakanicheka mimi, mama wa kujaribu mali, aliyekwenda mpaka China akauziwa bubu. Kaka hakucheka. Aliinua uso akaniangalia, muda mrefu, macho yake yamejaa maji. Kisha akaiweka rimoti sakafuni.

"Hukuijaribu?" aliniuliza.

"Nilisahau," nikamwambia.

Akachukua kifimbo cha pazia kilichokuwa nyuma ya mlango, akasimama, akakohoa. Mzungu mwenye kofia alikuwa anapanda ngazi. Kaka akawaambia watoto wamwangalie vizuri huyo, amekuja kuposa, na hii ni mara yake ya tatu. Mtoto mmoja akauliza mbona mama wa watu amechorwa vibaya hivyo. Kaka akamjibu kwamba aliyemchora alikuwa mmoja wa wale waliokataliwa. Mlango wa nyumba nyeupe ukafunguka, na kabla kaka hajasema kitu, mimi, mwanamke mzima mwenye duka Kariakoo, nilipaza sauti ya mke wa baharia kutoka kwenye kochi.